Urefu wa riwaya: dalili, visababishi na tiba kwa mwandishi mpya

Kila mwandishi mpya aliyewahi kuniletea mswada aliniuliza, mapema au baadaye, riwaya inatakiwa iwe na maneno mangapi. Hakuna aliyeuliza kwa udadisi tu. Mmoja kisa kilikuwa kimemwishia njiani. Mwingine alikuwa na kurasa mia nne na mhusika wake bado yumo ndani ya basi. Wa tatu alikuwa amerudishiwa kazi na waandaaji wa shindano. Swali lao lilikuwa moja, shida zilikuwa tatu.

Ndiyo maana simpi mtu namba kabla sijamwuliza anaumwa wapi. Urefu ni homa. Ukiipoza kwa kitambaa cha maji bila kupima malaria, usiku itarudi. Hapa nimepanga malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara, na chini ya kila moja visababishi vyake, kuanzia kile ninachokikuta sana hadi cha nadra. Anza na cha kwanza. Usirukie cha mwisho kwa kuwa kinasikika cha kisomi.

Kabla hujagusa sentensi hata moja, tengeneza nakala. Kama mswada uko kwenye kompyuta, hifadhi faili jipya lenye tarehe katika jina lake, kisha jitumie kwa barua pepe. Kama uko kwenye daftari, piga picha kila ukurasa kwa simu. Niliwahi kufuta sura mbili usiku kwa hasira. Asubuhi nikazitaka, hazikuwepo.

"Nimejaza kauntabuku nne, kumbe ni kijitabu"

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na mara nyingi mgonjwa ni mzima. Kibovu ni kipimo.

Kisababishi cha kwanza ni kuhesabu kurasa. Ukurasa wa daftari kwa mwandiko mpana unaweza kubeba maneno 150, kwa mwandiko wa kubana 300. A4 iliyochapwa bila kuruka mistari hubeba kama 500. Ukiruka mstari, inashuka hadi 250 au 300. Ukurasa wa kitabu cha A5 chenye herufi za ukubwa wa 11 au 12 uko kwenye 280 hivi. Kwa hiyo "kurasa mia mbili" haina maana mpaka useme kurasa za nini.

Pima hivi. Chagua kurasa tatu zilizojaa, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, maana mwandiko hubadilika mkono ukichoka. Hesabu maneno ya mistari kumi, gawa kwa kumi. Ukipata 9 kwa mstari na ukurasa una mistari 28, hayo ni maneno 252. Zidisha kwa kurasa 180, unapata 45,360. Sasa punguza kwa ajili ya kurasa za mwisho wa sura zisizojaa na mazungumzo yanayoacha nusu ya mstari wazi. Sema umebaki na 40,000. Hiyo ni riwaya kamili, hata kama steshenari wamekukabidhi karatasi 80 tu ndani ya bahasha na umetoka pale umenyong'onyea.

Kisababishi cha pili ni kujipima kwa namba za Kiingereza. Zinazunguka sana. Tuzo za Hugo na Nebula huhesabu riwaya kuanzia maneno 40,000, na kati ya 17,500 na 40,000 huita novela. NaNoWriMo, changamoto ya kuandika riwaya ndani ya mwezi mmoja iliyoanza Marekani mwaka 1999, ilizoesha watu maneno 50,000 kwa mwezi wa Novemba. Wachapishaji wa huko mara nyingi hutajwa kutaka 80,000 na kuendelea. Namba hizo zimetoka kwenye lugha inayotenganisha kila kipande, sisi tunaunganisha. "Sitakusahau" ni neno moja, Mwingereza atahitaji matano. "Asingalikuambia" ni moja, yeye sita. Usikimbilie kugawa kwa mbili, lakini. Viunganishi vyetu vinarudisha sehemu ya deni: "meza ya mbao" ni maneno matatu kwetu, mawili kwake. Kama unataka kujionea, tafuta habari moja iliyochapishwa kwa lugha zote mbili, hesabu ukurasa wa hii na wa ile. Utakuta mistari inakaribiana huku maneno ya Kiswahili yakiwa machache, kwa sababu kila neno letu limebeba mzigo. Maneno 50,000 ya Kiswahili ni kazi kubwa kuliko 50,000 ya Kiingereza. Anayekwambia uongeze ili ulingane na huko anakudai mara mbili.

Cha nadra ni programu yenyewe. Kompyuta huhesabu nafasi zilizo kati ya maneno. Ukiandika "pole pole" badala ya "polepole" umejizawadia neno. Ukibana vistari bila nafasi, maneno matatu yanakuwa moja. Tofauti yake haifiki mbali, usikeshe kwa ajili yake.

Nikishikwa shati nitaje namba, nasema hivi kwa riwaya ya kwanza ya watu wazima kwa Kiswahili: maneno 30,000 hadi 60,000. Kwa vijana wa sekondari, 15,000 hadi 30,000. Ni maoni yangu, si amri ya baraza lolote. Na fasihi yetu haijawahi kuona haya kuwa fupi. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) za Euphrase Kezilahabi hazifikishi kurasa mia kila moja, na bado wasomi wanazisoma kwa kuzirudia rudia.

"Kisa kimeisha na nina maneno 12,000 tu"

Hapa nitaomba mfano mmoja tuubebe hadi mwisho. Mwanaisha wa Kilwa Kivinje amefiwa na baba. Ni mtoto pekee. Baba ameacha mashua moja ya kuvulia. Kwa mirathi ya Kiislamu, binti pekee huchukua nusu, mjane thumuni (moja ya nane), na kinachobaki huenda kwa asaba, ambao hapa ni ndugu wawili wa marehemu. Mashua haikatwi kwa msumeno. Hapo tayari pana riwaya.

Kisababishi kikuu cha kuishiwa mapema ni kuripoti. Mwandishi anaandika: "Baada ya arobaini ami zake walifika, wakabishana sana, na mwishowe wakaamua mashua iuzwe." Maneno kumi na matatu. Amemaliza mgogoro wake mkubwa kabla kahawa haijapoa.

Ukaguzi rahisi: chukua kalamu nyekundu, pitia mswada wote, zungushia kila "walibishana sana", "baada ya siku nyingi", "mambo yakawa magumu", "hatimaye". Chini ya kila duara kuna tukio limezikwa. Fukua kikao kile. Nani amekaa mkekani na nani amepewa kiti? Mama yumo edani, yuko nyuma ya pazia, anasikia kila neno wala hawezi kutoka. Mwanaisha ameingiza sinia la kahawa mara ya tatu, mara mbili za mwisho hakuna aliyeagiza. Ami mkubwa anaanza kwa kumsifu marehemu, anasifu mpaka unajua kuna jambo, kisha anasema: "Mwanangu, marehemu alikuwa ndugu yetu kabla hajawa baba yako." Mwanaisha anajibu, "Ndiyo, ami," na vikombe vinagongana mkononi mwake. Maneno kumi na matatu yamekuwa elfu moja na mia mbili, na hakuna hata moja la kujaza.

Si kila duara linafukuliwa. Fukua palipo na mtu anayepoteza kitu: mali, heshima, siri, matumaini. Safari ya kwenda dukani kununua kiberiti iache izikwe.

Kisababishi cha pili: mhusika hapingwi. Hesabu ni mara ngapi amejaribu kupata anachokitaka akashindwa. Kama ni mara moja, umeandika hadithi fupi. Mwanaisha aanze kwa ndugu, wamkatalie. Aende kwa sheikh, naye ampe haki yake ya nusu, ambayo ni kweli, na ndiyo inayomzuia kuipata mashua yote. Aende Mahakama ya Mwanzo, atakiwe kuleta ushahidi kwamba fedha za mashine ya boti zilikuwa zake mwenyewe. Kila mlango umfungulie tatizo kubwa kuliko lile aliloingia nalo. Milango inayofungwa tu, yote kwa namna moja, humchosha msomaji ukurasa wa sitini.

Kisababishi cha tatu ni woga, wa mwandishi. Kuna matukio tunayaruka kwa sababu yanatuuma au yanatutia haya: baba kumpiga mama, usiku wa kwanza wa ndoa, mtoto kumjibu mzazi. Utayagundua kwa dalili moja. Sura inafika ukingoni, mlango unafungwa, na sura inayofuata inaanza "asubuhi yake". Msomaji ameachwa nje barazani. Huna haja ya kuonyesha kila kitu, ila uwe umechagua mwenyewe kufunga mlango, usiwe umekimbia.

Cha mwisho, na si aibu: labda kweli ni hadithi fupi. Kama kisa kina badiliko moja tu, na kabla na baada ya badiliko hilo hakuna swali, kiache kilivyo. Andika vingine vitano vya namna hiyo, una mkusanyiko.

*Simama hapa.* Ukianza kuongeza maelezo ya mawingu, hotuba za maadili, au methali tatu kila ukurasa ili ufikishe namba, weka kalamu chini. Msomaji wa Kiswahili alipewa methali hizo na bibi yake, bure.

"Nina maneno 180,000 na haijaisha"

Miswada ya namna hii huja na moyo mzuri na faili lisilofunguka kwenye simu. Kisababishi cha kwanza, kwa mbali kuliko vingine, ni kwamba riwaya ilizaliwa kama mfululizo: sehemu moja moja gazetini, Facebook, au kwenye kundi la WhatsApp ambako wasomaji hulipia kidogo ili kuendelea. Mfululizo una sheria zake, nazo ni halali huko huko. Kila sehemu inaanza kwa kukumbusha jana tuliishia wapi. Kila sehemu inaishia mtu akigonga mlango. Wahusika waliopendwa hawafi, na waliochosha wanapotea bila msiba. Ukizishona sehemu 150 na kuziita kitabu, hizo sheria zote zinageuka kasoro.

Anza na kilicho rahisi. Futa vikumbusho. Kama kila sehemu ilianza na maneno mia moja ya "jana tuliona", umeshapunguza 15,000 na hakuna kisa kilichoguswa. Kisha tafuta milango iliyogongwa. Palipo na mlango uliogongwa kisha akatokea paka, au jirani aliyekuja kuazima chumvi, futa huko kugonga pamoja na paka. Halafu andika majina ya wahusika wote kwenye karatasi, na mbele ya kila jina andika kitu ambacho kisingetokea kama mtu huyo asingekuwepo. Wasio na kitu mbele yao waage.

Kisababishi cha pili: imeanza mapema mno. Tumemsindikiza Mwanaisha kuzaliwa, chuoni, darasa la kwanza, shule ya kata, mchumba wa kwanza, na baba bado mzima wa afya. Tafuta ukurasa ambao mhusika akishaupita hawezi kurudi alipokuwa. Hapa ni habari ya kifo, au labda siku ya kikao. Riwaya ianze karibu na hapo, kurasa tano kabla zinatosha. Utoto wake utaingia kwa vipande pale unapohitajika, kwa mbinu rejeshi fupi, si kwa mkupuo.

Cha tatu ni safari. Sijui ni kwa nini tunazipenda hivi, labda kwa sababu wengi wetu tunafikiria vizuri tukiwa dirishani mwa basi. Mhusika anatoka Kilwa, tunapita naye Nangurukuru, Somanga, daraja la Rufiji, Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga, kila kituo na wauza korosho wake. Kama hakuna kinachobadilika kati ya Nangurukuru na Mbagala, Dar es Salaam, mpandishe na umshushe Mbagala.

Cha nne: ni riwaya mbili zimevaa jalada moja. Andika swali la kila sura kwa mstari mmoja. Ukikuta sura ishirini zinauliza "je, mashua itabaki kwa Mwanaisha?" na kumi na nne zinauliza "je, binamu yake aliyekwenda kufanya kazi Maskati atarudi?", na maswali hayo hayagusani popote, mtoe binamu. Usimtupe. Mpe faili lake. Kama yanagusana mara moja tu, pengine kwa fedha anazotuma, bakiza mguso huo na uyatoe mengine.

Na kuna riwaya ambazo kweli ni ndefu, za vizazi vitatu na mapinduzi mawili. Zipo. Ukiwa na uhakika baada ya kukagua hayo yote, endelea nayo, ila ujue gharama yake nitakayoigusa chini.

Kukata kuna utaratibu. Kwanza sura nzima, halafu matukio, halafu aya, sentensi mwisho. Wengi hugeuza: wanakaa wiki mbili wakinyoosha sentensi za sura ambayo itaondoka. Kinachotoka kiingie kwenye faili la mabaki. Utalifungua mara chache kuliko unavyodhani, ila kujua kwamba lipo kunaupa mkono ujasiri wa kukata.

"Nimefika 20,000 nikakwama. Sasa najaza tu"

Watu husubiri niwaambie habari ya msuko, yaani mpangilio wa matukio. Mara nyingi ni ratiba. Mwandishi anaandika Jumapili moja, anaruka tatu, akirudi amesahau, basi anasoma kuanzia mwanzo na kusahihisha sura ya kwanza. Sura ya kwanza imesahihishwa mara kumi na moja. Ya saba haijazaliwa. Tiba: usirudi nyuma zaidi ya ukurasa mmoja, na kila unapoacha, acha katikati ya tukio, ukiandika mstari mmoja wa kinachofuata. Maneno 500 kwa siku ni ukurasa mmoja wa A4. Siku 80 ni 40,000. Ukipata siku nne tu kwa wiki, miezi mitano.

Kama ratiba ni nzuri na bado umekwama, andika ukurasa wa mwisho leo, hata uwe mbaya. Asiyejua anakokwenda hurefusha njia, na hapo ndipo maneno ya kujaza yanapoingia: mazungumzo ya salamu kurasa mbili, chakula kinachopikwa kuanzia kuchambua mchele. Ukishajua kwamba mwisho wake Mwanaisha mwenyewe ndiye atakayeiuza mashua, na atamuuzia nani, utaona sura tatu za katikati zinajiandika.

Kisababishi cha ndani zaidi: mahali fulani nyuma mhusika alifanya uamuzi ambao hakuulipia. Rudi kwenye uamuzi wake wa mwisho, uliza umemgharimu nini. Kama jibu ni "hakuna", huko ndiko gari lilikozimika. Sukuma kuanzia hapo.

"Wananiambia mwisho umekimbia"

Linganisha idadi ya maneno ya robo ya kwanza na ya robo ya mwisho. Nimeona mswada wenye kurasa tisa za harusi na kurasa mbili za mwisho ambamo mtu alifungwa jela, mwingine akaokoka, na mbaya wa kisa akagongwa na lori. Lori ndilo la kulitazama. Ajali inayomwondoa mbaya inakuonyesha kuwa mwandishi alichoka, au alikuwa anapigana na ukomo wa shindano. Kama ni uchovu, pumzika wiki mbili kisha uandike mwisho upya bila kuusoma wa zamani. Kama ni ukomo wa maneno, kata harusi.

"Sura moja ina kurasa tatu, nyingine thelathini na moja"

Hilo si tatizo mpaka msomaji alalamike. Akilalamika, ile ndefu igawe pale mtu anapoingia au kutoka.

"Wamenirudishia, wanasema urefu haufai"

Kisababishi cha kwanza ni kwamba hukusoma masharti. Kila shindano lina yake, na yanaweza kubadilika mwaka hadi mwaka. Iwe ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, au ile tuzo ya Kiswahili ya fasihi ya Afrika iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, chukua tangazo la mwaka huu, si la rafiki yako aliyeshiriki zamani. Angalia wanataka maneno au kurasa, na kama ni kurasa, herufi za ukubwa gani na nafasi gani kati ya mistari. Kubana herufi ili uingie humo ni ujanja ambao kila msomaji wa shindano ameshauona.

Cha pili ni karatasi. Kwenye uchapaji wa ofseti, kurasa hupigwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa, mara nyingi kwa mafungu ya 16. Mswada wa maneno 40,000 ni kama kurasa 143 za A5. Ongeza kurasa nane za jina, haki na yaliyomo, una 151, unaingia kwenye 160 bila shida. Ukifika 163 umeanza fungu jingine kwa ajili ya kurasa tatu. Kitabu kinapanda bei, au kurasa tatu zitoke. Mhariri akikuomba upunguze maneno 900, huenda hana ugomvi na kisa chako. Anapigana na fungu la 11. Upande mwingine, kitabu chembamba sana hupigwa pini katikati, hakina mgongo wa kuandikwa jina, na kwenye rafu ya duka kinamezwa na majirani zake. Uchapaji wa dijitali haubanwi hivyo na mafungu, lakini kila ukurasa bado unalipiwa.

Cha tatu, na hiki wengi hawakifikirii: urefu ni kisingizio cha adabu. Ni rahisi kumwambia mtu "ni ndefu mno" kuliko "nilichoka ukurasa wa kumi na mbili". Uliza kwa upole: "Uliishia wapi kusoma?" Jibu la swali hilo litakusaidia kuliko barua nzima ya kukataliwa.

Mahali pa kuacha kujitibu

Kuna hatua ambayo ukiendelea peke yako unaharibu. Ukishapitia mswada mara tatu na sasa unarudisha leo ulichokitoa jana, tafuta mhariri. Kabla ya hapo usimlipe, maana utamlipa kwa kufuta vikumbusho ambavyo ungeweza kufuta mwenyewe kwa jioni mbili. Mwombe akupe kwanza tathmini ya sura tatu, mkubaliane bei kwa maneno na si kwa "kitabu", na mwandikiane, hata kama ni binamu yako.

Kama Mwanaisha wako yupo kweli, na ami zake wako hai na wanasoma, usipunguze wala kuongeza kabla hujaonana na mwanasheria. Kubadilisha jina peke yake hakutoshi pale ambapo mtaa mzima unamjua mwenye mashua.

Ukilenga kitabu kiingie shuleni, urefu hauko tena mikononi mwako pekee. Tanzania utakutana na Taasisi ya Elimu, Kenya na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, na wachapishaji wanaojua kila ngazi inabeba nini. Waulize mapema, kabla ya sura ya kwanza ikiwezekana.

Mtu yeyote anayekutoza fedha ili "arefushe" mswada wako ufikie kitabu, mwepuke. Na anayekwambia atakuchapishia kwa gharama zako mwenyewe bila kukuonyesha hesabu ya kurasa, karatasi na idadi ya nakala, usitie saini siku hiyo.

Siku ya kumpelekea mhariri, peleka mswada, muhtasari wa ukurasa mmoja, na swali moja lililoandikwa. Idadi ya maneno usimtajie. Mwache asome kwanza, kisha akwambie amehisi kurasa ngapi.